Joto Lifichikalo Katika Mvuke

Leo twapenda kueleza jambo lionekanalo jikoni kila siku, nalo ni maji kugeuka mvuke. Alijuaye jambo hili vema huokoa kuni zake, tena hujilinda asiungue.

Masoko, katika Wilaya ya Rungwe, pana ziwa lililomo ndani ya shimo la volkano ya kale, nalo liko mita 840 hivi juu ya usawa wa bahari. Mahali pa kimo hicho maji huchemka yafikapo nyuzi 97 hivi za sentigredi. Tukuyu, palipo juu zaidi, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na pwani kwenye nyuzi 100. Sababu yake ni kwamba kadiri tupandavyo, ndivyo uzito wa hewa iliyo juu yetu upunguavyo.

Maji yakiisha kuchemka, hata ukiongeza kuni, kipimajoto hakipandi tena. Basi joto la kuni hizo laenda wapi? Lote latumika kuyageuza maji yawe mvuke, nalo lakaa limefichika ndani ya mvuke huo. Ndiyo sababu wataalamu huliita joto fiche.

Mwaka 1762 Joseph Black, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow katika Uskoti, alilipima joto hili. Aliweka maji katika chombo cha bati juu ya bamba la chuma lenye moto mkali. Maji yalichemka kwa dakika 4, lakini kukauka kabisa yalihitaji dakika 20 zaidi.

Sisi nasi twaweza kufuata njia yake. Tutumie jiko la mafuta ya taa, maana moto wake haubadiliki upesi, na sufuria nyepesi. Tutie maji gramu 500 yenye nyuzi 20, tufunike, kisha tutazame saa mpaka yachemke. Hapo tufunue, tuyaache yachemke kwa muda ule ule, kisha tuepue, tufunike, na yakipoa tuyapime kwa mizani.

Kalori moja ni joto la kupandisha gramu moja ya maji kwa unyuzi mmoja. Kutoka nyuzi 20 hadi 97 ni nyuzi 77. Zidisha kwa gramu 500, utapata kalori 38,500. Tuseme maji yamepungua gramu 71. Gawanya 38,500 kwa 71, utapata 542. Hesabu ya wataalamu ni 540 hivi kwa kila gramu. Yetu yaweza kutofautiana, kwa kuwa sufuria nayo hunywa joto, na joto jingine hupotea hewani.

Si vitu vyote vilivyo sawa. Gramu moja ya spiriti huhitaji kalori 200 hivi ili kugeuka mvuke, na zebaki 70 hivi tu. Maji yazishinda zote mbili kwa mbali. Kwa hiyo viwanda vya chai hutumia joto jingi kukausha majani mabichi.

Sasa tuangalie jikoni. Maharage au ndizi zikiisha kuchemka, haziivi upesi zaidi kwa sababu maji yanaruka kwa nguvu, maana joto la maji ni lile lile. Kuni za ziada hutengeneza mvuke tu, nao hupotelea darini. Afadhali kufunika chungu na kupunguza moto, maji yaendelee kuchemka polepole.

Tena tuuogope mvuke. Gramu moja ya maji ya nyuzi 97, ikipoa juu ya ngozi hadi nyuzi 37, hutoa kalori 60. Lakini gramu moja ya mvuke ikigeuka maji hutoa kwanza zile 540 zilizofichika, kisha 60 hizo, jumla 600, yaani mara kumi. Kwa hiyo afunuaye chungu na ainue kwanza upande wa kifuniko ulio mbali naye, mvuke utoke huko, na watoto wasisogee karibu.