Unahamia Gesima na mtoto wa Gredi ya 7? Tafuta shule kabla ya kubeba vyombo

Tuseme ukweli. Kodi ya Pipeline imepanda tena, kazi ni za kubahatisha, na mamako amepiga simu mara ya tatu wiki hii kukwambia nyumba ya nyuma iko wazi, rudi tu. Umeamua kwenda ushago, Gesima, kaunti ya Nyamira. Kwako wewe peke yako hiyo ni hesabu rahisi. Lakini una mtoto wa miaka 12, au kitindamimba wenu ambaye sasa ni jukumu lako, na anaingia sekondari msingi. Watu wengi hapa huanza na lori la vyombo, shule watajua mbele. Wewe anza na shule.

Tangu Januari 2023, Gredi ya 7, 8 na 9 ziko ndani ya shule za msingi. Kwa hivyo kupata shule Gesima si kazi. Kazi ni kupata iliyo na walimu. Masomo ni 9, na mpango ulipoanza shule nyingi za umma nchini zilipewa mwalimu mmoja au wawili wayabebe yote. Usimuulize mwalimu mkuu kama shule yake ni nzuri, maana unajua atakachosema. Uliza ni nani hasa anafundisha Hisabati na Sayansi, na amesomea nini. Kisha omba kuona daftari la Sayansi la mtoto yeyote wa Gredi ya 8. Kama muhula umefika katikati na zimeandikwa kurasa tatu, ushajibiwa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sitakuhubiria kuhusu vyeti. Ila hii miaka mitatu haina mchezo. Mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 unabeba asilimia 60 ya alama za kumpeleka mtoto sekondari ya juu. Asilimia 20 zinatoka kwa KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 nyingine kwa tathmini anazofanyiwa shuleni akiwa Gredi ya 7 na 8. Kundi la kwanza lilifanya KJSEA mwishoni mwa 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Sasa fikiria mtoto wako amekaa miaka miwili bila mwalimu wa Sayansi, halafu anaambiwa achague mkondo. Kwenye karatasi mikondo ni mitatu. Kwake, wa sayansi ulishafungwa kitambo na hakuna aliyemwambia.

Karatasi pia zina mambo yake. Beba cheti cha kuzaliwa, nambari yake ya mfumo wa wizara (ile ya NEMIS, ambayo sasa inahamia KEMIS) na nambari yake ya tathmini ya KNEC. Shule ya zamani lazima imwachilie kwenye mfumo ndipo mpya impokee. Kuna shule moja ya Nairobi, siitaji jina, ilimzungusha binamu yangu muhula mzima kwa sababu ya deni la chakula cha mchana. Mtoto yuko Nyamira, jina liko Nairobi. Zile Sh15,042 ambazo serikali humpangia kila mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka hufuata jina, hazifuati mtoto. Na kama yuko Gredi ya 9, bana, mwache amalizie aliko. Usajili wa KNEC hufanywa miezi mingi kabla ya mtihani.

Sasa mahali pa kukaa. Ushago huchagui mtaa kama mtu anayepima Umoja na Kayole. Shamba la familia liko pale liliko. Bado una chaguo: kulala bomani, au kukodi chumba sokoni Gesima, au kukaa Keroka kwenye barabara ya Kisii kwenda Sotik. Keroka ina shughuli zaidi, ila imekalia mpaka wa Nyamira na Kisii, na kaunti hizo mbili zimeugombania huo mji kwa miaka. Mzozo huo hautakuhusu mpaka siku ya basari. NG-CDF hutolewa kwa eneobunge: Gesima ni Kitutu Masaba, ng'ambo ya mji ni Nyaribari Masaba.

Chochote utakachochagua, tembea njia ya shule kwa miguu, ikiwezekana Aprili, mvua ikinyesha. Njia inayochukua dakika ishirini kiangazi inaweza kuwa saa nzima ya matope. Matope yakizidi, mtoto atapanda bodaboda, na wewe utataka kumjua huyo mwendeshaji kwa jina.

Kama mtoto ni msichana, kuna jambo ambalo nyumbani huzungumzwa kwa sauti ya chini. Ukeketaji ni haramu kwa sheria ya 2011, na kitaifa umeshuka hadi asilimia 15 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, kulingana na utafiti wa afya wa 2022. Kisii na Nyamira bado ziko juu sana ya hapo. Mara nyingi hufanyika likizo ya Desemba, wakati mwingine kwa mkono wa mhudumu wa afya, na anayepanga si mtu mbaya wa kutoka mbali. Ni magokoro anayempenda, au shangazi. Kwa hivyo kabla hujamwacha bomani urudi Nairobi kumalizia kazi, ongea na mamako waziwazi, uso kwa uso, si kwa simu. Ukihisi jibu linazungukazunguka, kodi chumba sokoni ukae naye. Mtoto mwenyewe ajue namba 116, ni ya bure.

Lugha isikutishe. Wiki za kwanza atachekwa kwa Sheng yake na Ekegusii ya kuokoteza. Kufikia muhula wa pili yeye ndiye atakuwa anakutafsiria sokoni.

Kabla ya yote, panda basi la usiku Jumapili, lile la kupitia Narok na Sotik. Shuka Keroka alfajiri, tafuta bodaboda, ufike shuleni Jumatatu wakati wa gwaride bila kutangaza kwamba unakuja. Simama pale langoni uhesabu walimu.