Mwashi wa Siku 28

Kama ulijenga nyumba upande wa Makindye au Kansanga miaka ya 1990, huenda ulisikia habari za fundi mmoja Msamia aliyejulikana kwa mambo mawili: ukuta wake haukupinda, na hakuna aliyeweza kumharakisha, hata awe na pesa kiasi gani. Huyo alikuwa babu yetu. Amefariki akikaribia miaka 90, tukamzika kwao Busia, na tangu siku hiyo karibu kila anayekuja kutupa pole hapa Kampala ana kisa cha siku ambayo mzee alimkatalia jambo.

Alifika mjini mwishoni mwa miaka ya 1950, kijana mwenye nguvu lakini hana ufundi wowote. Kampala ilikuwa ikijengwa kwelikweli. Jumba la Makumbusho, lililochorwa na Mjerumani Ernst May, lilikuwa limefunguliwa 1954, mwaka uleule lilipozinduliwa bwawa la Owen Falls kule Jinja. Ukumbi wa Taifa wa maigizo ulifuata 1959, na baada ya hapo Bunge na hospitali mpya ya Mulago. Babu alianza alipoanzia kila mtu, kwenye karai na toroli. Kazini walikutana Waganda, Waluo na Waluhya kutoka Kenya, Wanyarwanda, na Makalasinga waliobobea katika useremala na uashi. Wote hao walielewana kwa Kiswahili, na babu alikizungumza hadi mwisho kama mtu aliyejifunzia lugha juu ya jukwaa: maneno machache, amri nyingi, na tusi moja moja pale saruji ilipomwagwa ovyo.

Ufundi wenyewe aliupata kilimani Kikaaya. Hapo ndipo Wabahai walipojenga hekalu lao la kwanza barani Afrika, kwa ramani ya Mmarekani Charles Mason Remey. Jiwe la msingi liliwekwa Januari 1958 na hekalu likafunguliwa Januari 1961. Lina pande tisa, na kuba lake linapanda mita 39 kutoka chini. Vigae vya kuba vililetwa kutoka Italia, vya paa la chini kutoka Ubelgiji, na vioo vya rangi kutoka Ujerumani, ila mawe ya kuta na mbao za milango ni za Uganda. Babu alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa ya Jumapili, na mambo ya Wabahai hakuyauliza. Kilichomshangaza ni msingi. Walichimba mita 3 kwenda chini kwa sababu ya hofu ya tetemeko, na vijana wa kazi walicheka: tetemeko gani, Kampala? Machi 1966 ardhi ilipotikisika Toro na kuua zaidi ya watu 100, babu aliacha kucheka. Toka hapo, mwenye kiwanja aliyetaka msingi wa juujuu alisimuliwa habari za Kikaaya mpaka akubali au akatafute fundi mwingine.

Lakini ubishi wake mkubwa ulikuwa wa zege. Zege hushika kwa saa chache na hukomaa kwa wiki. Likitunzwa vizuri, siku ya saba huwa limepata kama thuluthi mbili ya nguvu yake, na wahandisi wamezoea kulipima siku ya 28. Muda huo linataka unyevu, maana saruji haikauki kama nguo kambani: inashikana kwa kuyatumia maji yaleyale yaliyochanganywa nayo, na jua likiyafyonza mapema slabu inabaki dhaifu kwa ndani huku juu inaonekana ngumu. Babu alifunika slabu zake kwa magunia na majani ya migomba, akayalowesha asubuhi na jioni. Nguzo za mikalitusi zilizoshikilia slabu kwa chini alizipiga alama ya chokaa, ili ajue mara moja kama kuna aliyezigusa usiku.

Tofali nalo lilikuwa na mtihani wake. Alichukua mawili, akayagonganisha karibu na sikio. Yakilia kama chuma, yanapita. Yakitoa sauti ya udongo, lori linarudi lilikotoka, dereva apende asipende. Yaliyopita yalilala ndani ya pipa la maji kabla ya kujengwa, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya saruji na kuuacha mchanga peke yake kwenye kiungo. Sisi wajukuu tulipewa kazi hiyo ya pipa wakati wa likizo, na malipo yalikuwa muhogo na chai pamoja na mapota, kama vibarua wanavyoitwa hapa.

Miaka ya 1970 ilimwondolea watu aliofanya nao kazi. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya, na nusu ya gengi lake ikapanda magari kurudi kwao. Yeye alibaki kwa kuwa Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, na boma lao liko upande wa Uganda. Agosti 1972 Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Makalasinga waliomfundisha kushika timazi wakaondoka, na makandarasi waliokuwa wakimwajiri pia. Saruji ikawa bidhaa ya magendo. Msikiti mkubwa wa Old Kampala, ulioanza kujengwa 1972, ulikaa gofu kwa miongo kadhaa hadi ukakamilishwa 2006 kwa fedha za Libya. Babu aliishi kwa kuziba nyufa za nyumba za watu.

Na ufa aliujua. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta aliikubali nusu tu, kwani kuna nyufa ambazo ukiziba upesi unajidanganya. Alipaka kibonge kidogo cha saruji katikati ya ufa, akaandika tarehe juu yake kwa msumari, akaenda zake. Akirudi baada ya miezi na kukuta kibonge kizima, basi nyumba imetulia, alipiga lipu. Akikuta kimepasuka, aliacha ukuta na kwenda kuchimba chini. Nyumbani kwetu bado kuna vibonge vya namna hiyo nyuma ya kabati, kimoja kimeandikwa 1983.

Baada ya 1986 amani ilirudi, na pamoja nayo haraka. Kila mwenye duka alitaka ghorofa. Mfanyabiashara mmoja alimtaka aondoe nguzo baada ya wiki moja na kupandisha ghorofa ya pili, kwa kuwa wapangaji walikwisha kulipa. Babu alifunga mwiko wake kwenye gunia akaondoka, na fundi mwingine akamalizia. Jengo lile limesimama mpaka leo, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kutuonyesha tulipopita kwa teksi. “Limesimama kwa neema,” alisema. “Mimi sijengi kwa neema.” Machi 2006, kanisa lililokuwa bado linajengwa Kalerwe lilipoporomokea waumini na kuua zaidi ya watu 20, siku hiyo hakutaka redio izimwe wala mtu amsemeshe.

Kitu ambacho watu hawakukijua ni jinsi alivyomudu kukataa. Hakuwa tajiri. Alishika kazi mbili kwa wakati mmoja kila alipoweza: slabu ya Makindye ikikomaa, gengi lote liko Kansanga linajenga kuta, na mapota hawalali njaa. Kazi ya pili ilipokosekana, alimwambia mwenye nyumba tangu siku ya makubaliano kwamba kuna siku za kulipia watu wa kumwagilia maji tu, na akaziandika kwenye daftari pamoja na bei ya nondo na kokoto. Wengi walilalamika. Wachache walikataa. Waliobaki walijengewa.

Tangu 2013 Uganda ina Sheria ya Udhibiti wa Majengo, yenye vibali na wakaguzi, na ni sheria nzuri. Hata hivyo hakuna mkaguzi wa kusimama kwenye kila slabu ya Kampala akihesabu siku. Vijana wengi wanaojenga mji huu wanazijua siku 28 kama babu alivyozijua. Kinachowashinda ni kwamba wanalipwa kwa siku, na siku ambayo zege linakomaa hakuna anayewalipa. Jengo likianguka tunamlaumu fundi, wakati mwendo wa kazi umepangwa na aliyeshika pesa. Basi ukimwaga slabu mwaka huu, andika kwenye bajeti mshahara wa mtu wa kumwagilia maji, na umlipe kwa wakati.