Chuo Chenye Jina au Kozi Inayomfaa Mtoto?

Matokeo ya KCSE yakitoka, nyumba nyingi hapa Kiganjo huwa na mjadala. Mtoto amepata alama za kuingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea fasihi au historia. Lakini roho yake iko kwa sayansi, na kozi anayoitaka iko JKUAT, Juja. Baba anasema, "Nairobi ndiyo Nairobi!" Mama anauliza karo itatoka wapi. Tuyaangalie mambo haya polepole.

Jina la Nairobi si la bure. Ndicho chuo kikuu cha kwanza nchini, tangu 1970. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe mbele. Kwa hivyo tusiseme sanaa ni ya walioshindwa na hisabati.

JKUAT nayo ilianza 1981 kama chuo cha kilimo na ufundi, kwa msaada wa serikali ya Japani. Ikawa chuo kikuu kamili 1994.

Tukumbuke pia Wangari Maathai. Alisomea biolojia katika chuo kidogo cha watawa Wakatoliki huko Kansas, Marekani, akamaliza 1964. Ni wangapi kwetu walikijua chuo hicho? Lakini sayansi hiyo ilimfikisha kwa shahada ya udaktari Nairobi mwaka wa 1971, na kazi yake ya miti ikamletea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004.

Kabla ya kuchagua, mzazi na mtoto waulizane haya:

1. Alama zinatosha? KUCCPS haiangalii gredi ya jumla peke yake, bali pia masomo manne yanayohusu kozi. Uhandisi bila hisabati na fizikia ni ndoto tu.

2. Kozi inatambuliwa? Anayetaka uhandisi aulize kama Bodi ya Wahandisi inaikubali kozi hiyo katika chuo hicho.

3. Ni miaka mingapi? Shahada ya sanaa ni miaka minne, uhandisi mitano. Mwaka mmoja zaidi ni karo na chakula. Lakini wa Juja anaweza kulala nyumbani na kupanda matatu asubuhi, asilipe kodi ya chumba.

4. Baadaye je? Shahada ya sanaa pekee haimpi mtu kazi ya ualimu. Ni lazima asomee pia ualimu wenyewe. Na shahada ya sayansi si kazi mkononi. Asiyependa maabara ataichoka mapema.

Na kama ameshapangiwa kozi isiyomfaa, msikate tamaa. KUCCPS hufungua muda wa kuomba uhamisho. Fuateni tarehe zake, maana ukipita umepita.

Wazazi, jina la chuo hutufurahisha sisi siku ya barua. Masomo yenyewe atayabeba mtoto. Basi tumsikilize kwanza.