Swichi Iliyogoma Katika Nchi ya Chai

Sisi watu wa Mombasa chai ya Kericho twaijua kwa mnada wake, uliohamia kwetu kutoka Nairobi mwaka 1969. Huko inakochumwa ni dunia nyingine. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda ukakutana na vilima, na aghlabu alasiri mbingu hunguruma, ikashuka mvua, mara nyingine ya mawe. Umeme nao hukatika na kurudi upendavyo.

Nilikuwa mgeni wa bibi mmoja upande wa Bomet, mkulima wa chai, ambaye macho yake yameingia ukungu. Majirani humwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, nami nikafuata. Mwanawe, afanyaye kazi Doha, alimtilia sebuleni swichi janja, ile inayotii simu, ili jioni aiwashe yeye kutoka Ghuba, mamake asipapase ukuta. Wazo la mwana mwema. Lakini swichi ilikuwa na wiki mbili haifanyi kazi, na Kogo alikwisha kujikwaa kwenye kigoda gizani, goti likachubuka.

Mwana alilaumu mtandao. Kila jioni alipiga simu: zimeni rauta, washeni rauta. Wajukuu wakazima na kuwasha, na giza likabaki pale pale.

Fundi alipokuja, kijana wa Sotik, rauta hata hakuitazama. Aliibonyeza swichi kwa kidole. Kimya, hata kile kitaa chake kidogo hakikuwaka. "Mzee," akaniambia, "hii ikikosa mtandao bado husikia kidole. Isiposikia kidole, njaa yake ni ya umeme."

Akazima swichi kuu ya nyumba, akapima kwa testa, ndipo akafungua. Ndani mlikuwa na waya mbili tu. Nyumba nyingi za zamani, na za kwetu Mombasa zimo, zimetandazwa hivyo: waya wa moto hushuka hadi kwenye swichi ukapanda tena kwenye taa, na nyutro hubaki juu darini. Swichi ya kawaida haihitaji zaidi. Hii janja hailali; yataka umeme usiku na mchana ili imsikilize bwana wake, na pasipo nyutro huunywa tone kwa tone kupitia balbu yenyewe.

"Balbu imebadilishwa?" akauliza. Naam. Ile ya zamani ya wati 60 iliungua siku ya radi, ikatiwa ya LED ya wati 5, nayo hupitisha umeme kidogo mno. Kogo akasema kwamba mwanzoni taa hiyo ilikuwa ikimetameta hata ikiwa imezimwa, kama kimulimuli. Wajukuu walimcheka. Kumbe mwenye macho mabovu ndiye aliyeona!

Fundi akaazima balbu ya zamani ya jikoni, akaitia. Swichi ikafufuka papo hapo. Kisha akazima tena umeme, akafunga kapasita ndogo juu kwenye taa, baina ya waya wa moto na nyutro, akairudisha ile LED. Kuteremsha nyutro kungekuwa bora, alisema, ila ukuta ungechimbwa. Magharibi ile taa iliwashwa kutoka Doha.

Mwana akataka na swichi ya chumbani ibadilishwe. Kogo akamwambia fundi, "Mwanangu, funga mkoba wako. Hiyo mkono wangu unaijua."