Povu Lililofichwa Chini ya Bati

Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa katika nyumba kongwe za Bagamoyo huchelewesha joto la mchana lisipenye ndani upesi. Paa la bati halina uwezo huo. Njia mojawapo ya kulikinga ni kulipulizia povu la poliyurethani, jamii ya plastiki iliyogunduliwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937.

Vimiminika viwili, isosianeti na polioli, hukutana katika bomba la kupulizia, aghalabu kwa ujazo ulio sawa. Mchanganyiko huumuka mfano wa unga wa maandazi, kisha hukauka. Dari ikishafungwa, ushahidi wa kazi hiyo umo katika daftari la fundi peke yake.

Tuchukue alfajiri ya masika. Hewa ya pwani ikiwa na joto la nyuzi 28 za Sentigredi na unyevu wa asilimia 85, umande hutua juu ya kitu chochote chenye joto la nyuzi 25 hivi au pungufu. Bati lililopoa usiku kucha huweza kufikia hapo. Isosianeti ikikutana na maji hayo hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Povu halishiki vema, na baadaye hubanduka. Mwenye jengo atailaumu dawa, na muuza dawa atamlaumu fundi. Saa ya kazi, joto la hewa na la bati, unyevu na namba ya kila pipa vikiwa vimeandikwa, chanzo hupatikana. Maneno "hali ya hewa nzuri" hayamsaidii mtu.

Unene wa kila tabaka nao huandikwa, pamoja na muda uliopita kabla ya tabaka lililofuata, kwa maana povu likirundikwa kwa mara moja, joto lake lenyewe laweza kuliunguza kiini, hata kuwasha moto. Vilevile huandikwa vinyago vilivyovaliwa na saa watu waliporuhusiwa kurudi ndani: mvuke wa isosianeti huleta pumu.

Jina la gesi iliyoumua povu lisisahauliwe. CFC-11, iliyotumika sana zamani, huharibu tabaka la ozoni, na ilidhibitiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993. Abomoaye paa la zamani hana budi kujua kilichomo.

Nakala moja ya daftari hubaki kwa mwenye jengo. Povu hilo huwaka, na moshi wake una sumu; naye fundi wa kuchomelea atakayepanda juu miaka kumi baadaye ataona bati tu.