Bei za zamani za hisa za benki na haki za watu zilizomo ndani yake

  

Ndugu Waislamu, benki ya NMB ilipouza hisa zake kwa wananchi mwaka 2008 kwa shilingi 600 kila moja, na CRDB ilipofuata mwaka 2009 kwa shilingi 150, Waislamu nao walikuwamo miongoni mwa wanunuzi. Baadhi yao wamekwishatangulia mbele ya haki, na hati zao zinakutwa masandukuni. Warithi huenda kwa dalali wa hisa, wakapewa jedwali refu la tarehe na bei, kisha wakarudi nyumbani kugombana, kwa kuwa kila mmoja ameishika bei ya siku inayomfaa yeye. Maswali ya aina hii yanazidi kuwafikia masheikh wetu, na ndiyo sababu tumeona tuyazungumze Ijumaa hii.

Kwanza ijulikane hukumu ya hisa zenyewe. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, iliamua kwamba haijuzu kununua hisa za kampuni ambayo lengo lake la msingi ni haramu, na kutoa mfano wa kuamiliana kwa riba. Wapo wanaojitetea kwamba benki fulani siku hizi ina dirisha la huduma za Kiislamu. Dirisha hilo ni jambo jema kwa mwenye kuweka akiba, lakini mwenye hisa anamiliki sehemu ya benki nzima, hamiliki dirisha peke yake. Kwa hiyo tunayoyasema hapa juu ya hisa za CRDB yanamhusu aliyekwisha kuzikuta mkononi mwake kwa mirathi, au aliyenunua zamani na sasa anataka kujitoa. Anayetaka kuanza kununua leo jibu lake ni hilo la Jeddah.

Sasa tulitazame jedwali. Sisi tunalihesabu kuwa ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Kila mstari wake una tarehe, bei ya juu na ya chini ya siku hiyo, bei ya kufunga soko, na idadi ya hisa zilizouzwa. Wengi huiruka safu ya idadi, ilhali ndiyo ya kutazamwa mwanzo. Katika masoko madogo hisa za benki ndogo huweza kukaa siku nyingi bila ya kuuzwa hata moja, na jedwali likaendelea kuandika bei ileile ya mwisho. Bei hiyo hakuna mtu aliyeilipa siku hiyo. Ni kivuli cha mauzo yaliyopita. Tena kuna siku ambayo daftari la wanahisa hufungwa kwa ajili ya gawio. Mwenye kununua baada ya hapo hapati gawio la mwaka huo, basi bei kwa kawaida hushuka kidogo. Asiyejua hudhani benki imepatwa na msiba.

Tuchukue mfano wa mirathi. Mzee mmoja alinunua hisa 2,000 za CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150, akatoa shilingi 300,000. Mwaka 2015 benki hiyo iliwapa wanahisa wake fursa ya kununua hisa mpya moja kwa kila tano walizokuwa nazo, kwa shilingi 350. Mzee akachukua 400 kwa shilingi 140,000. Rasilimali yake yote ni shilingi 440,000 na hisa zake ni 2,400. Akafariki mwaka 2020, wakati hisa hiyo imeanguka hata chini ya bei ya mwaka 2009. Tukadirie ilikuwa shilingi 100. Akaacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Hati zikabaki kwa kaka. Mwaka 2024, bei ikiwa imepanda mno, tukadirie shilingi 600, kaka anasema: "Mirathi huhesabiwa siku ya kifo. Nitawalipeni kwa shilingi 100, hisa zibaki kwangu."

Baada ya madeni na wasia, mjane ana thumni. Kwa hesabu ya kaka, hisa zote ni shilingi 240,000, mjane apate 30,000 na kila binti 52,500. Kwa bei ya siku wanayogawana, hisa zote ni shilingi 1,440,000; thumni ya mjane ni 180,000, kila binti 315,000, na kaka mwenyewe 630,000.

Kaka amelichukua neno la kweli akaliweka pasipo pake. Ni kweli kwamba haki ya mrithi huthibiti kwa kifo, na idadi ya mafungu hujulikana siku hiyo. Lakini tangu hapo mali ni ya shirika baina ya warithi wote mpaka igawanywe, ikipanda imepanda kwa wote na ikishuka imeshuka kwa wote. Lau benki ingefilisika mwaka 2022, kaka asingekubali kubeba hasara peke yake, vipi basi aibebe faida peke yake? Bei ya siku ya kifo ingemfaa lau waligawana siku hiyo, au lau wenzake walimuuzia mafungu yao wakati huo kwa ridhaa, wakiijua thamani yake.

Hapa ndipo bei ya kununulia nayo inapopata kazi yake. Katika Surat al-Baqara, aya ya 279, Mwenyezi Mungu amewaachia wenye kutubia riba rasilimali zao, wasidhulumu wala wasidhulumiwe. Rasilimali ya mzee huyu tumekwishaijua: shilingi 440,000. Ziada hapo ni shilingi 1,000,000. Wanachuoni wamehitalifiana juu ya ziada ya namna hii. Wako wanaosema itolewe yote katika maslahi ya Waislamu bila ya kutarajia thawabu za sadaka, na wako wanaopambanua kati ya gawio lililotokana na riba na kule kupanda kwa thamani ya majengo na mali nyingine za benki. Sisi tunaelemea kwenye tahadhari, yaani hisa ziuzwe, rasilimali ibaki kwa warithi, na ziada itolewe. Hata hivyo Imam al-Ghazali ameeleza kwamba mwenye mali ya namna hii akiwa yeye mwenyewe ni fakiri, huweza kujitolea yeye na watu wake kwa kadiri ya haja, na Imam an-Nawawi ameyanukuu hayo. Huenda mjane ndiye mstahiki wa kwanza. Kwa kauli yoyote kati ya hizo, ziada hiyo haiwi ya kaka peke yake.

Mfano huu unatufunza pia udhaifu wa kutabiri. Mtu aliyelitazama jedwali la CRDB mwaka 2015 aliona hisa iliyotoka 150 ikapita 350, akasema hii ni ya kupanda tu. Aliyelitazama mwaka 2020 aliona imerudi chini ya ilipoanzia, akasema hii inazama. Wote wawili walisoma tarakimu sahihi na wote wawili walikosea. Hatusemi kwamba kutazama yaliyopita ni haramu. Mfanyabiashara wa karafuu anaijua misimu yake na hakuna aliyemwita mpiga ramli. Tunalolikataa ni la hawa wanaouza "ishara za uhakika" kwenye simu, kana kwamba Surat Luqman haikusema kuwa nafsi haijui itachuma nini kesho.

Limebaki suala la zaka, nalo ndilo lenye mtego uliofichika zaidi. Majmaa hiyohiyo, katika kikao chake cha mwaka 1988, ilibainisha kwamba mwenye kununua hisa kwa ajili ya biashara hutoa zaka kwa bei ya soko ya siku hawli yake inapotimia. Aliyelimbikiza miaka bila ya kutoa inamlazimu kurudi kwenye bei za zamani, na hapo hukutana na kitu kiitwacho bei iliyorekebishwa.

Mfano wa hili tuutoe kwa benki inayoendeshwa kwa misingi ya Kiislamu, Al Rajhi ya Saudi Arabia, nchi ambayo ndugu zetu wengi wamefanya kazi. Mwaka 2022 benki hiyo iliwapa wanahisa hisa tatu za bure kwa kila tano. Mwenye 1,000 akawa na 1,600, na mali ya benki ni ileile, basi bei ya hisa moja haikuwa na budi kushuka. Ili mchoro usionyeshe maporomoko yasiyokuwapo, watayarishaji wa majedwali huzipunguza bei zote za nyuma; iliyokuwa riyali 100 huandikwa 62.50. Jambo hili si udanganyifu, na kwa anayepima ukuaji wa mali ni msaada. Hata hapa Afrika Mashariki limetokea, kwa mfano Equity ya Kenya ilipogawanya kila hisa moja kuwa kumi mwaka 2009.

Lakini mwenye zaka akichukua zile hisa 1,000 alizokuwa nazo mwaka 2021 akazipiga kwa 62.50, atapata mali ya riyali 62,500 na zaka ya 1,562.50. Mali yake siku ile ilikuwa 100,000 na zaka yake ni 2,500. Riyali 937.50 za mafakiri zimepotea, na yeye anadhani dhima yake imetakasika. Ama atumie bei halisi iliyolipwa siku ile pamoja na idadi ya hisa za siku ile, ama bei iliyorekebishwa pamoja na idadi ya baada ya nyongeza, yaani 1,600; hesabu hukutana. Asichanganye. Na kama benki imekwishatoa zaka kwa niaba ya wanahisa, kama zifanyavyo benki za Saudi Arabia, fungu lililotolewa kwa hisa zake huondolewa.

Tarehe nayo iangaliwe. Hawli ni mwaka wa mwezi mwandamo. Mwenye hawli ya mwanzo wa Ramadhani atafute bei ya katikati ya Aprili kwa mwaka 2021, ya mwanzoni mwa Aprili kwa mwaka 2022, na ya karibu na tarehe 23 Machi kwa mwaka 2023. Wengi huchukua bei ya tarehe 31 Desemba kila mwaka kwa kuwa ndiyo iliyo katika taarifa ya benki. Ambaye hana njia isipokuwa mwaka wa jua, basi asitoe asilimia 2.5 bali 2.577, ili zile siku kumi na moja zisiliwe kila mwaka katika haki ya wanyonge. Wallahu aalam.