Sola Ikichakaa, Tupime Kabla ya Kukopa

Muumini mmoja wa msikiti wetu alikuwa tayari kukopa kwa riba ili anunue mtambo mpya wa umeme wa jua, kwani taa za nyumbani kwake zilikuwa zikizimika kabla ya Isha. Tulimsihi amwite fundi apime kwanza. Ikabainika kuwa paneli bado ni nzima. Kilichochoka ni betri.

Paneli hudumu miaka 20 hadi 25, huku nguvu zake zikipungua kidogo kidogo. Betri ya risasi na asidi aghalabu huchoka baada ya miaka 3 hadi 5. Ya lithiamu ni ghali zaidi, lakini yaweza kufikia miaka 10.

Basi gharama hii si ajali, bali ni deni linalojulikana siku zake. Tuseme betri ni shilingi 480,000 na itadumu miezi 48: familia iweke shilingi 10,000 kila mwezi.

Betri kuukuu isitupwe jalalani; risasi yake ni sumu kwa watoto wetu. Kutupa kizima pamoja na kibovu ni israfu, na riba ni mzigo wa dunia na Akhera.

Wabillahi tawfiq.